Kilichomo Ndani ya Kopo la Mbwa

Watu wa rika langu tulikua tukijua kwamba mbwa hula kinachobaki. Ukoko wa ugali uliolowekwa kwa maji ya kuoshea sufuria, mfupa ambao meno ya watu yameushindwa, vichwa vya samaki, na siku ya karamu, bahati yake. Hakuna aliyewaza kwamba chakula cha mbwa kina historia, sembuse historia inayomhusu yeye mwenyewe anayemtupia mbwa ukoko. Nami ningeendelea hivyo hivyo kama nisingestaafu. Baada ya kuacha ualimu mkuu nilipata wasaa wa kusoma ninachokitaka badala ya ninachotakiwa, na katika kusoma huko nikaona kwamba sehemu kubwa ya yale niliyojifunza chuo cha ualimu, na baadaye kuyafundisha, kuhusu protini, vitamini na madini, yalijulikana kwanza kwa kutazama bakuli la mbwa. Mbwa alionjeshwa, binadamu akafuata. Na wakati mwingine, kama nitakavyoeleza, mbwa alikufa kwanza na binadamu hakuzingatia.

Nianzie Paris, mwaka 1816. Daktari wa Kifaransa aliyeitwa François Magendie alitaka kujua kama mnyama anaweza kuishi kwa chakula kisichokuwa na nitrojeni. Akamchukua mbwa mwenye afya, akampa sukari safi na maji safi, basi. Siku za mwanzo mbwa alikula kwa furaha. Baadaye akaanza kukonda ingawa bakuli halikuwa tupu, macho yakaota vidonda, na baada ya takriban mwezi mmoja akafa. Magendie akarudia kwa mafuta ya zeituni, kwa siagi, kwa gundi ya miti. Mwisho wa mbwa wale haukutofautiana sana. Tumbo laweza kujaa huku mwili unakufa njaa. Sisemi kwamba nayafurahia majaribio ya namna ile. Magendie alilaumiwa kwa ukatili hata na watu wa zama zake. Lakini tukishakula matunda ya kazi yake hatuwezi kujifanya hatuujui mti.

Lililofuata ndilo ninaloliona zito zaidi. Katika miaka ile wakubwa wa Paris walikuwa wakitafuta njia ya kuwalisha maskini na wagonjwa wa hospitali kwa gharama ndogo. Wataalamu wakapendekeza supu ya jelatini, yaani ule urojo unaotoka kwenye mifupa ikichemshwa sana, ambao ukipoa huganda na kutetemeka. Ulikuwa na nitrojeni tele, kwa hiyo kwa hesabu za karatasini ulikuwa sawa na nyama. Wapo waliolalamika juu ya supu ile, lakini maskini akilalamika juu ya chakula cha bure huambiwa hana shukrani. Ikaundwa tume, Magendie akiwa kiongozi wake, nayo ikawapa mbwa jelatini. Mwaka 1841 tume ikatoa taarifa: jelatini peke yake haiwezi kumweka mbwa hai.

Sababu inajulikana leo. Protini hujengwa kwa amino asidi kama neno linavyojengwa kwa herufi, na mbwa anahitaji kumi kati ya hizo zitoke kwenye chakula, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzitengeneza vya kutosha. Jelatini haina kabisa mojawapo ya hizo kumi, iitwayo triptofani. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana nitalirudia.

Ufaransa hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutupatia jambo la pili tunalolihitaji katika habari hii. Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa vitamutamu, aligundua kwamba chakula kikifungwa vizuri ndani ya chupa kisha kikachemshwa hakiozi. Mwaka 1810 serikali ikampa zawadi ya faranga 12,000, na mwaka huo huo Peter Durand akasajili huko Uingereza njia ya kutumia makopo ya bati. Makopo yale yalikwenda kwa askari na mabaharia. Mbwa alisubiri zaidi ya miaka mia moja. Katikati hapo, katika miaka ya 1860, Mmarekani James Spratt aliwauzia mabwana wa London biskuti za mbwa zilizotengenezwa kwa ngano, mboga na nyama, na ndiye aliyewafundisha watu kulipa fedha kwa kitu ambacho zamani kilitoka jikoni bure. Kopo lenyewe likaja mwaka 1922, mji wa Rockford, jimbo la Illinois, kwa jina la Ken-L Ration. Ndani yake mlikuwa na nyama ya farasi. Trekta na motokaa zilikuwa zimewaondoa farasi mashambani na barabarani, na mnyama aliyelilima bara la Amerika akaishia kuwa mchuzi wa mbwa. Biashara ilistawi hadi Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941. Bati likahitajika jeshini, wenye viwanda wakageukia chakula kikavu, na tangu hapo chakula kikavu hakikurudi nyuma.

Mjukuu wangu anayefanya kazi mjini anafuga mbwa, tena ndani ya nyumba, jambo ambalo bibi yake hajalikubali mpaka leo. Mwaka juzi alikuja kutusalimu akiwa na mbwa huyo na makopo yake ya gramu 400, yaliyotoka Ulaya. Jirani yangu, mtu mzima mwenzangu, aliposikia bei alishika kichwa. Kwa fedha hiyo, alisema, nyumba yake ingekula maharage siku mbili. Sikumpinga. Nilichukua miwani nikaanza kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya kopo, kwa kuwa mwalimu wa sayansi hawezi kuona takwimu akaziacha.

Kopo lilisema: protini 8 kwa mia, mafuta 5, majivu 2.5, nyuzinyuzi 0.5, maji 80. Mjukuu alikuwa pia na mfuko wa chakula kikavu, nao ulisema protini 24 kwa mia, maji 10. Yeye aliamini kwamba mfuko una protini mara tatu ya kopo. Nikamwambia tuondoe maji kwanza. Katika gramu 400 za kopo, gramu 320 ni maji, zinabaki 80. Protini ni gramu 32. Gramu 32 katika 80 ni 40 kwa mia. Upande wa mfuko, ukiondoa maji zinabaki sehemu 90, na 24 katika 90 ni karibu 27 kwa mia. Kumbe kopo ndilo lenye protini nyingi, ukilinganisha kikavu kwa kikavu. Tukajumlisha pia vyote vilivyoandikwa kwenye kopo, tukapata 96. Zile 4 zilizobaki ni wanga, ambao haukutajwa popote. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Ni ya darasa la sita. Lakini anayeuza hana haraka ya kukufanyia.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha upande wa pili. Mwenye kununua kopo ananunua maji kwa bei ya nyama. Mbwa wa kilo kumi asiyepewa kitu kingine angehitaji kati ya kopo moja na nusu na mawili kwa siku ili atosheke. Maji yenyewe si hasara yote, hasa kwa mbwa mzee mwenye meno mabovu au asiyependa kunywa. Hata hivyo jirani yangu hakuwa mjinga aliposhika kichwa.

Mbele ya kopo palikuwa na picha ya kuku mnono na maneno yanayosema kwamba chakula hiki ni pamoja na kuku. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa taratibu za lebo za Ulaya, neno hilo la «pamoja na» linatimizwa na kuku 4 kwa mia. Huko Marekani kiwango cha neno kama hilo ni 3 kwa mia. Chakula kikiitwa mlo wa kuku, kuku anapaswa kufika 25 kwa mia. Na kikiitwa kuku kwa ajili ya mbwa, bila kuongeza neno lingine, anapaswa kufika 95 kwa mia, maji ya kupikia yakiwa hayakuhesabiwa. Tofauti ya neno moja dogo, na mnyama karibu mzima anaingia au anatoka kwenye kopo. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi na sijapata kuona kiunganishi chenye thamani kubwa kiasi hicho.

Sasa nirudi kwenye ile protini 8 kwa mia. Inapimwaje? Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alitafuta njia rahisi ya kupima protini katika nafaka. Alichemsha chakula ndani ya asidi kali mpaka nitrojeni yote ikageuka amonia, akaipima, kisha ikazidishwa kwa 6.25, kwa sababu protini kwa wastani ina nitrojeni 16 kwa mia. Ni njia nzuri, imetumika duniani kote zaidi ya karne moja. Kasoro yake ni kwamba haiulizi nitrojeni ilitoka wapi. Maini yakiingia, inahesabu. Kwato na manyoya yakiingia, inahesabu. Ni kama mkaguzi anayeingia darasani akahesabu vichwa, akaandika idadi, akaondoka bila kuuliza nani anajua kusoma. Ndiyo maana lebo huita kitu hicho protini ghafi, na neno hilo ghafi ndilo ambalo jicho la mnunuzi hulipita.

Wapo walioiona kasoro hiyo wakaigeuza mtaji. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilirudisha kutoka madukani makopo na vifuko zaidi ya milioni 60 vya chakula cha majimaji cha mbwa na paka, kile cha vipande ndani ya mchuzi. Wanyama walikuwa wakifa kwa figo. Chapa zilizorudishwa zilikuwa nyingi, za bei ya chini na za bei ya juu, kumbe zote zilipikwa na mtengenezaji mmoja na mchuzi wake ulifanywa mzito kwa kitu kimoja kilichonunuliwa China kwa jina la gluteni ya ngano. Wachunguzi walikuta kwamba haikuwa gluteni. Ilikuwa unga wa ngano wa kawaida uliochanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea zile sahani ngumu ambazo wengi wetu tunazo kabatini. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni. Msomaji akizidisha mwenyewe ataona kwamba gramu moja yake, katika kipimo cha Kjeldahl, huonekana kama zaidi ya gramu 4 za protini. Ndani yake mlikuwa pia na asidi ya sayanuriki, na viwili hivyo vikikutana katika figo hufanya vijiwe. Unga wa bei rahisi ukapata maksi za gluteni, na mbwa ndiye aliyelipa karo.

Hilo lilipaswa kutosha kuwa onyo. Mwaka uliofuata, 2008, melamini ikapatikana katika maziwa ya unga ya watoto wachanga huko China. Maziwa yalikuwa yameongezwa maji, kisha kemikali ile ile ikatiwa ili kipimo kile kile kisigundue. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walikufa. Sijui neno la kutumia kwa mtu aliyesoma habari za mbwa wa 2007 akaendelea kuchanganya maziwa ya 2008.

Baada ya habari kama hizo watu wengi hukimbilia upande wa pili. Husema kwamba wao watanunua nyama halisi tu, si takataka za machinjio. Jirani yangu naye, akiangalia kopo la mjukuu wangu lililoandikwa nyama na mazao ya wanyama, alitamka neno hilo hilo, takataka. Kuhusu vinakotoka ana haki: ni maini, mapafu, wengu, figo, matumbo, vitu ambavyo watu wengi wa Ulaya na Marekani hawavitaki tena mezani. Lakini sisi tunaovinunua buchani tunajua kwamba kutotakiwa na Mzungu si kipimo cha lishe. Tena hapa mbwa ana ushahidi wake.

Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alikuwa akichunguza pelagra katika majimbo ya kusini ya Marekani. Ni maradhi ya ngozi kubabuka, kuhara na akili kuvurugika, na yaliwashika maskini waliokula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa siku zote. Wengi waliamini ni ya kuambukiza. Goldberger alionyesha kwamba yanatokana na chakula, na katika utafiti wake alitumia mbwa, kwa kuwa mbwa akilishwa namna ile hupata ugonjwa wa ulimi mweusi. Alifariki mwaka 1929 bila kukijua kitu chenyewe kinachokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake wa Wisconsin waliwaponya mbwa wenye ulimi mweusi kwa kitu walichokitoa kwenye maini. Ni vitamini tunayoiita niasini. Mwili unaweza pia kujitengenezea niasini kidogo kutokana na triptofani, ile ile iliyokosekana katika supu ya maskini wa Paris, na mahindi yana upungufu wake. Kwa hiyo kopo lenye maini linaweza kumfaa mbwa kuliko lenye mnofu mtupu.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mwaka mmoja katika shule ya bweni niliyoiongoza. Mzabuni alichelewesha maharage kwa wiki tatu. Wavulana walikula ugali, wakashiba, na daftari la stoo lilionyesha kwamba hakuna aliyelala njaa. Ofisa niliyemlalamikia alinisomea daftari lile kwa simu, gunia baada ya gunia, akaniuliza tatizo liko wapi. Nilikwenda sokoni nikakopa maharage kwa jina langu. Wiki tatu hazileti pelagra, hilo najua. Lakini mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliipata kwa maelfu baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa mahindi. Magunia yao pia yalikuwa yamehesabiwa.

Na huo mnofu mtupu? Katika miaka ya 1960 makopo ya nyama tupu yalitangazwa sana huko Marekani kama heshima ya juu kabisa anayoweza kupewa mbwa. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mbwa mwitu hufidia kwa kutafuna mifupa. Mbwa wa koponi hana mfupa wa kutafuna, na mtoto wa mbwa akilishwa hivyo mwili wake huchota kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe hadi ikavunjika kwa kuruka kitandani. Edward Mellanby alikwisha kuonyesha jambo linalofanana mjini London mwaka 1919, alipowalea watoto wa mbwa ndani ya nyumba kwa uji na mkate wakapata matege, akawatibu kwa mafuta ya ini la samaki. Matege ya watoto wa viwandani Uingereza yalianza kueleweka kutokana na mbwa wale. Kwa hiyo yale majivu 2.5 kwa mia, ambayo mjukuu wangu alidhani ni majivu ya jikoni, ni madini, na chakula kisichokuwa nayo ni cha kuogopwa. Wala wanga si sumu kwa mbwa: mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amerithi uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga kwa sababu ya kuishi karibu na majiko yetu. Ukoko wa babu zetu haukuwa bure. Ulikuwa umepungukiwa tu.

Mjukuu aliponiuliza basi atazame nini, nilimwonyesha neno moja ambalo alikuwa hajalisoma, lililoandikwa kwa herufi ndogo karibu na uzito. Chakula hutajwa kuwa ama kamili ama cha nyongeza. Kamili maana yake mbwa anaweza kula hicho tu. Cha nyongeza ni kitoweo, na mbwa akikifanya mlo wa kila siku ataumia hata kama picha ya kuku inapendeza. Lake lilikuwa kamili. Lakini ukamilifu wenyewe hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya karatasini: mtengenezaji huonyesha kwamba viwango vyote vinafikia orodha iliyowekwa. Ya pili, kwa utaratibu wa Marekani kwa mbwa wazima, ni kuwalisha mbwa wanane chakula hicho pekee kwa wiki 26, wakipimwa uzito kila wiki na damu mwishoni, na wasiopungua sita wafike mwisho wakiwa salama. Mbwa wanane ni darasa dogo, na wiki 26 si maisha. Hata hivyo kati ya njia hizo mbili mimi ningemwamini zaidi aliyethubutu kumwuliza mbwa.

Kopo halikusema ni njia ipi iliyotumika. Mjukuu aliahidi kuwaandikia wenye kiwanda awaulize. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele muda wote huo bila kusema neno, akamwomba awaulize pia kama wale mbwa wanane walilala ndani ya nyumba.